Aliyesema Paukwa

Nilimaliza Monkey Island 2 mwaka 2012, nikiwa na miaka 14, kwenye kompyuta ya binamu yangu pale Ngamiani, Tanga. Ilikuwa kompyuta ya mezani yenye feni inayounguruma kama mashine ya kusaga, na tulicheza kwa zamu: mmoja ameshika kipanya, mwingine ameshika kamusi. Gemu yenyewe ilitoka mwaka 1991, kabla yetu sote wawili. Mhusika wake ni Guybrush Threepwood, kijana mlegevu mwenye ndoto ya kuwa haramia mkubwa, na kazi yako ni kumtembeza kisiwa hadi kisiwa, kuokota vitu, kuongea na watu na kufumbua mafumbo. Hakuna kukimbizana wala kupiga risasi. Ukikwama umekwama. Fumbo moja lilitukalisha wiki mbili.

Mwishoni Guybrush anaangukia chini ya ardhi akisaka hazina, na huko anakutana na adui yake LeChuck, haramia aliyekufa akarudi zombi. LeChuck anamwambia kuwa wao ni ndugu. Kisha mahandaki yanaisha na wale wawili wanatoka kwenye mwanga wa bustani ya burudani, yenye mabembea na vibanda, wakiwa watoto wadogo wanaogombezwa na wazazi wao. Mara majina ya watengenezaji yakaanza kupanda.

Binamu yangu akaniuliza, "Ndiyo basi?"

Nikafungua kamusi. Nilidhani kosa lilikuwa la Kiingereza changu.

Aliyetufanyia hivyo anaitwa Ron Gilbert. Gemu ya kwanza aliitengeneza akiwa Lucasfilm Games nchini Marekani, pamoja na Dave Grossman na Tim Schafer, ikatoka mwaka 1990. Ya pili ikafuata mwaka mmoja baadaye, na mwaka 1992 akaondoka kwenye kampuni, haki za hadithi zikabaki nyuma. Walioachiwa wakaendelea: gemu ya tatu mwaka 1997, ya nne mwaka 2000, na mwaka 2009 kampuni nyingine, Telltale, ikatoa ya tano. Zile za tatu na nne zilitengenezwa bila Gilbert kabisa, na ile ya 1997 iliuzima mwisho wa bustani kwa maelezo mafupi kwamba ulikuwa uchawi wa LeChuck. Mwaka 2012, mwaka uleule niliokuwa nikihangaika na kamusi, Disney wakainunua Lucasfilm, na haki za Guybrush zikaenda nao. Miaka 4 baadaye Gilbert aliwaomba hadharani wamuuzie. Hawakumuuzia. Halafu Septemba 2022 ikatoka Return to Monkey Island, kazi ya Gilbert na Grossman, ikianzia palepale bustanini. Miaka 31 ilikuwa imepita.

Swali linaloninyima raha, na ambalo ninalipeleka hata kwenye semina za falsafa ambako nadhani wenzangu wamelichoka, ni hili: katika miaka yote hiyo, je, kuna mtu alikuwa anadaiwa?

Mwaka 2009 msomaji mmoja alimwuliza Neil Gaiman kama George R. R. Martin, ambaye kitabu chake kilichofuata kilikuwa kimechelewa mno, ana deni kwa wasomaji wake. Gaiman alijibu kwenye blogu yake, kwa ukali wa kuchekesha, kwamba hana. Ulinunua kitabu kimoja, ukakisoma, biashara imeisha. Hakuna mkataba uliosainiwa kuhusu kitabu kijacho, na mwandishi si mtumishi wako. Nililipenda jibu hilo nilipolisoma mara ya kwanza. Lina usafi wa risiti.

Lakini risiti inajua kilicholipiwa tu. Sisi tumekua tukiambiwa kwamba ahadi ni deni, na ugumu wa msemo huo uko upande wa ahadi, kwa sababu deni tunalitambua likifika. Ahadi huanza wapi? Lazima mtu atamke "naahidi"? T. M. Scanlon, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu yale tunayowiana sisi kwa sisi, anasema uzito wa ahadi hautoki kwenye neno. Unatoka kwenye matarajio ambayo mtu ameyajenga kwa makusudi ndani ya mwenzake, akijua kwamba mwenzake anataka kuwa na uhakika, na mwenzake naye akijua kwamba anajua. Neno "naahidi" ni njia moja tu ya kufanya hivyo. Zipo nyingine.

Mojawapo ni kukatisha hadithi katikati. Baada ya tukio la bustani, gemu ya 1991 inakuonyesha kwa sekunde chache Elaine, mwanamke anayependwa na Guybrush, amesimama juu ya shimo alikotumbukia, akijiuliza kama LeChuck hajamroga. Huo ni mlango ulioachwa wazi na mtu aliyejua kuufunga. Na aliyeuacha wazi alijua kabisa tutasimama pale kuchungulia.

Nilianza kulifikiria jambo hili kabla sijamjua Guybrush, ingawa sikuwa na maneno yake.

Mwaka 2005 nilikuwa na miaka 7. Umeme ukikatika, Baba alitulaza mimi na mdogo wangu wa kike kwenye mkeka barazani na kutusimulia. Hakuwa mtu wa hadithi za Sungura na Fisi. Hizo aliziachia redio. Alitunga zake. Ya mwisho ilihusu mvulana aliyemfuata mbuzi wake aliyepotea hadi kwenye mbuyu mkubwa wenye mlango shinani. Mvulana anagonga, kimya. Anageuka aondoke. Ndipo sauti kutoka ndani ya mbuyu ikamwita kwa jina lake. Umeme ukarudi. Baba akasema, "Tutaendelea kesho."

Kesho yake kulikuwa na wageni. Keshokutwa alikuwa Dar es Salaam akishughulikia pasipoti. Wiki hiyohiyo aliondoka kwenda Muscat kuendesha gari la watu, kwa mkataba wa miaka 2 ambao uliongezwa, ukaongezwa tena, hadi mwaka 2016.

Sasa, ninyi mliosimuliwa mnajua hadithi ya kwetu inavyofunguliwa. Msimulizi anasema "paukwa", na hawezi kusogea hatua moja mpaka wasikilizaji waseme "pakawa". Ukinyamaza, hadithi hakuna. Gaiman anamwona msomaji kama mteja wa dukani, aliyelipa na kuondoka na mfuko wake. Paukwa haimjui mteja. Inamtaka mtu ajibu, na kwa kujibu anakuwa mmoja wa wanaoibeba hadithi. Sidhani mila hii inampa msikilizaji umiliki. Inachompa ni nafasi, na nafasi ya mtu hata akiwa mtoto wa miaka 7 kwenye mkeka huwezi kuiacha ikining'inia ukasema hukuisaini popote.

(Gemu zile nazo zilikuwa na kitu cha namna hiyo, na ndicho kilichotunasa mimi na binamu. Katika ile ya kwanza, mapambano ya upanga hushindwi kwa upanga. Unashindwa kwa tusi usilokuwa na jibu lake. Adui anakurushia kejeli, nawe lazima uwe na ile kejeli moja inayoikata. Shangazi yangu, ambaye amekulia kwenye mipasho ya taarabu, alitazama kwa dakika kumi akasema, "Hawa wamejifunzia wapi?")

Turudi kwa Gilbert, maana utetezi wake ni mzito. Hata kama alijenga matarajio, hakuwa na uwezo wa kuyatimiza. Hadithi haikuwa yake kisheria. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutolipa kwa fedha iliyofungiwa katika kabati la mwingine. Hilo nalikubali, lakini kutoweza kulipa hakufuti deni. Kunaahirisha lawama tu. Mdaiwa mwungwana asiye na senti bado anapita mbele ya duka la mdai wake na kumsalimu. Anachokosea yule mwingine ni kuzungukia barabara ya nyuma.

Gilbert alipita mbele ya duka, na siku moja alisalimu kwa namna iliyomletea matatizo. Mwaka 2013 aliandika kwenye blogu yake orodha ya mambo ambayo angeyafanya kama angepata kutengeneza Monkey Island nyingine. Ingeanzia pale ya pili ilipoishia. Zile zilizofuata, kwake yeye, zisingehesabika, na akawaomba radhi waliozitengeneza na waliozipenda. Na ingekuwa na picha za kizamani, zile za vijiraba vinavyoonekana, zilizoboreshwa kidogo. Yote yalikuwa "kama".

Kisha tarehe 1 Aprili 2022, siku ya wajinga, akatangaza kwenye blogu hiyohiyo kwamba ameamua kutengeneza nyingine. Kwa miaka mingi alikuwa amejigamba kuwa blogu yake haina mizaha ya siku hiyo, kwa hiyo wengi hawakujua wacheke au walie. Siku 3 baadaye video ikathibitisha kuwa ni kweli. Na picha hazikuwa za vijiraba. Mchoraji Rex Crowle alikuwa ameziunda kwa mtindo mwingine kabisa, wenye pembe kali na rangi bapa, kama karatasi zilizokatwa kwa mkasi.

Nitakiri: sikuzipenda. Nilitazama video ile chuoni, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na jambo la kwanza nililohisi lilikuwa kuibiwa. Si mimi tu. Watu walimrukia. Kufikia Juni matusi dhidi yake na wenzake yalikuwa yamezidi hadi akafunga sehemu ya maoni na kusema hataandika tena kuhusu gemu hiyo, yeye ambaye kwa miaka ndiye aliyekuwa akitusalimu. Wadai walimpiga mdaiwa siku aliyokuja na fedha mkononi, kwa sababu noti zilikuwa za toleo jipya.

Hapo ndipo nilipoona kwamba hoja yangu kuhusu nafasi ya msikilizaji inaweza kugeuzwa fimbo. Kama mimi ni sehemu ya hadithi, si ninastahili kuipata kama nilivyoitaka? Hapana, na sababu iko ndani ya desturi ileile. Pakawa hujibiwa kabla ya hadithi kuanza, wakati hujui itakwenda wapi. Hujibu kwa masharti. Ukisema "pakawa, lakini mbuzi awe mweupe," umeacha kusikiliza, umeanza kuagiza chakula. Yule aliyesubiri tangu 1991 alikuwa na haki ya kutosahaulika. Umri wake wa miaka 12 hakuna mtu angeweza kumrudishia, na nadhani ndio hasa aliokuwa akiudai.

Nilicheza gemu ile Desemba 2022, nyumbani Tanga, wakati wa likizo. Dakika za mwanzo zilinifanya nisimame. Tuko kwenye bustani ileile, watoto walewale wawili, wazazi walewale. Kisha unagundua hawa si Guybrush na LeChuck. Ni mtoto wa Guybrush na rafiki yake, wanaigiza hadithi ambayo mtoto huyo ameisikia kutoka kwa baba yake mara nyingi. Walivyoiigiza, wamechanganya mambo. Halafu mtoto anamfuata baba yake, ambaye amekaa kwenye benchi, mtu mzima sasa, na kumwomba amsimulie jinsi alivyoipata siri ya Kisiwa cha Nyani. Gemu nzima ni masimulizi ya pale benchini.

Kwa hiyo lile fumbo la miaka 31 lilijibiwa kabla chai yangu haijapoa, tena kwa jibu la kawaida kabisa: mtoto alikuwa anacheza. Wapo waliokasirika. Mimi niliona heshima ndani yake. Mtu yule alikumbuka alipoishia. Hakujifanya kwamba mlango ulikuwa umefungwa, wala kwamba hakuna aliyekuwa amesimama pale. Hata wale aliosema mwaka 2013 kuwa hawahesabiki aliwakaribisha: Murray, fuvu linaloongea, aliyezaliwa katika gemu ya 1997 bila Gilbert, yumo, na sauti ya Guybrush ni ya Dominic Armato, aliyeanza kumwigiza mwaka huohuo wa 1997. Alichokisema mwaka 2013 hakukitenda, na kwa kutokitenda alifanya haki zaidi. Sijui Scanlon angelisemaje hilo.

Katikati, gemu ni ndefu na sehemu nyingine inalegea; safari za kuzunguka visiwa zilinichosha. Lakini kuna uzi mmoja unaouma. Guybrush anaitaka siri kiasi kwamba anawaacha watu wameumia nyuma yake, anawadanganya, anawaharibia kazi zao. Mkewe Elaine kwa wakati huo anahangaika na kampeni ya ndimu ili mabaharia wasife kwa kiseyeye. Karibu na mwisho wanatembea pamoja, naye anamwuliza, bila kufoka, kuhusu yale aliyoyafanya njiani. Baba anayesafiri kutafuta kitu na mama anayebaki kushughulikia afya za watu: niliisimamisha gemu pale nikaenda kusaidia kuchambua mchele.

Mwisho wake nitauharibu, samahani. Guybrush anamfukuza LeChuck hadi mlango wa mwisho, anaupita, na anajikuta uchochoroni katika kisiwa alikoanzia. Watu wote aliowajua wamesimama kama sanamu za mitambo. Ni bustani ya burudani tena. Stan, mchuuzi mwenye koti la mirabamiraba, anamkabidhi funguo na kumwomba azime taa akiondoka. Unaweza kugeuka na kurudi ulikotoka. Unaweza kulifungua sanduku, na ndani yake mna fulana yenye maandishi ya kukudhihaki kwa kuhangaika kote huko. Tukirudi benchini, mtoto analalamika: huo ndio mwisho? Ni swali la binamu yangu, neno kwa neno.

Sasa Baba. Alirudi mwaka 2016, nikiwa na miaka 18, nimemaliza kidato cha nne na niko cha sita. Ada zote alikuwa amezilipa. Hilo aliliahidi kwa mdomo wake siku ya kuondoka, mbele ya Bibi, na hakuna muhula hata mmoja niliorudishwa nyumbani. Wiki ya pili baada ya kurudi, umeme ulikatika, tukakaa barazani, nikamwuliza kwa kujifanya ninatania: "Baba, ndani ya mbuyu alikuwa nani?"

Akasema, "Mbuyu gani?"

Nikamweleza. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za mtaa aliohama. Hakukumbuka. Akasema nimekuwa na kumbukumbu nzuri, na kwamba hiyo itanisaidia chuoni. Nilicheka. Nilikuwa na hasira ambayo sikuthubutu kuionyesha kwa mtu aliyekula mkate na chai kwa miaka 11 ili mimi nisome, na aibu ya hasira hiyo ilinikaa kuliko hasira yenyewe. Deni alilolitamka alilimaliza hadi senti ya mwisho. Lile ambalo hakulitamka hakujua kama lipo. Nimejaribu kuandika tasnifu ndogo nzima kuonyesha kwamba hadaiwi, na nimejaribu pia kuonyesha kwamba anadaiwa, na kila upande una aya moja inayovuja.

Nilipofika mwisho wa Return to Monkey Island, Baba alikuwa sebuleni akisubiri taarifa ya habari. Alikuja kusimama nyuma ya kiti changu. Kwenye kioo mtoto alikuwa ameshaondoka na Elaine pia, na Guybrush amebaki peke yake kwenye benchi.

"Huyo mzee ana nini?" akauliza.

"Alikuwa anamsimulia mwanawe hadithi. Mtoto hakuupenda mwisho."

Akatazama kwa muda. Guybrush alikuwa amekaa tu.

"Yule mvulana wako wa mbuyu," Baba akasema, "alikuwa anaitwa nani?"

Nikamwambia hakuwa na jina. Hakuwahi kumpa.

"Sasa kama hakuwa na jina, hiyo sauti ilimwitaje kwa jina lake?"

Katika miaka 17 sikuwa nimewahi kuliona hilo. Adhana ya Isha ilikuwa imeanza. Baba akachukua kofia yake juu ya friji, akavaa ndala za mdogo wangu kwa makosa, akatoka bado anafikiri.